Julai Mbeya Ilipofika Nyuzi 39

Aliyewahi kuamka Mbeya alfajiri ya mwezi Julai hahitaji kuelezwa habari za baridi yake. Mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku hauna wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotelee angani, na hata saa nane mchana si ajabu kumkuta mtu mzima bado amevaa sweta. Ndiyo maana niliporudi kutoka semina huko Iringa, na kukuta ukutani mwa darasa la Kidato cha Tatu grafu iliyochorwa kwa kalamu nyekundu ikionyesha kwamba joto la juu la wiki hiyo lilikuwa nyuzi 39 za Selsiasi na unyevu wa hewa asilimia 100, nilidhani nimeingia shule ya watu wengine.

Sikupata nafasi ya kuuliza, kwa kuwa mkuu wa shule alikuwa anaingia nyuma yangu akiongozana na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, mzee mpole aliyewahi kufundisha jiografia kwa miaka mingi, na hilo la mwisho ndilo lililonitia hofu.

Kituo chetu cha hali ya hewa si kikubwa. Kina kipimamvua cha bati na kasha jeupe la Stevenson ambalo fundi seremala wa mtaani alitutengenezea kwa vibao vilivyoinamishwa, ili hewa ipite na jua lisipenye. Limesimama juu ya miguu mirefu, mlango ukitazama kusini kama inavyotakiwa kwa sisi tulio upande huu wa ikweta, ingawa komeo la mlango huo lilikwishang'oka. Ndani mna kipimajoto cha joto la juu kilicholazwa, chenye kibano shingoni kinachozuia zebaki isirudi chini mpaka kitikiswe. Mna pia vipimajoto viwili pacha: kimoja kikavu, na kingine kilichovikwa utambi unaofyonza maji kutoka kwenye kikopo. Maji ya utambi yanapogeuka mvuke hukipoza kipimajoto chake, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayotuambia unyevu wa hewa. Vikisoma sawa, hewa imeshiba mvuke, yaani unyevu ni asilimia 100. Au utambi umekauka, jambo ambalo wanafunzi hulisahau haraka.

Mthibiti alisimama mbele ya grafu kwa muda, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaomba maelezo. Akasimama binti mmoja ambaye ningependa kila mwalimu apate mwanafunzi kama yeye. Alieleza kwamba upepo wenye mvuke kutoka Ziwa Nyasa hupandishwa na Mlima Rungwe, ukapoa na kumwaga mvua nyingi Tukuyu, hata bonde la Usangu lililo nyuma ya milima likabaki na mvua chache. Hewa hiyo inapoteremka, aliendelea, hupata joto takriban nyuzi 1 kwa kila mita 100. Basi na sisi, tulio chini ya Mlima Loleza, tumeteremshiwa hewa ya moto. Darasa lilimpigia makofi. Nami nilipiga, kwa kuwa kanuni aliyoitaja ni ya kweli kabisa.

Mthibiti hakupiga. Aliandika ubaoni kwamba kilele cha Loleza kiko takriban mita 2,650, akatoa 1,700, akabaki na mita 950, yaani nyuzi tisa na nusu kwa kipimo cha binti. "Julai hapa mchana ni kama nyuzi 21," alisema. "Ongeza zako, tunafika 30 na kidogo. Hizi nyingine zaidi ya nane zimetoka wapi? Tena hewa ishukayo hukauka, wala haiongezi unyevu. Na hewa ya nyuzi 39 iliyoshiba ingebeba karibu gramu 50 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hata pwani hatujaiona hiyo. Huo unyevu wote mmeupata wapi?"

Kukawa kimya. Kisha kutoka dawati la nyuma kabisa mvulana mmoja, ambaye tangu Januari sikuwahi kumsikia akijibu swali, alinyoosha mkono.

"Kwa kuku, mwalimu."

Tukatoka wote. Mlangoni mwa kasha mthibiti aliinama kuchungulia, na kuku wa mlinzi, aliyekuwa akiatamia mayai yake kwa utulivu huku kipimajoto cha joto la juu kikiwa chini ya kifua chake, akamdonoa kidoleni hadi kalamu ikaanguka. Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi, kwa hiyo chombo kilikuwa kinasoma vizuri sana. Kikopo cha utambi kilikuwa kikavu. Maji alikuwa akiyanywa yeye kila yalipojazwa, na hivyo pacha wote wawili wakawa wakavu na unyevu ukapanda hadi asilimia 100.

Niliwauliza wanafunzi ni kwa nini hawakumtoa, au walau kumwandika.

"Mwalimu, ulisema tusiguse kitu chochote kilichomo ndani zaidi ya vipimajoto," alijibu yule binti kwa heshima zote. "Tulikuwa tunasubiri ashuke kula, ndipo tunasoma. Na fomu haina safu ya kuku."

Mlinzi alisihi asisumbuliwe, kwa sababu kuku huatamia siku 21 na huyu alikuwa amebakiza chache. Mkuu wa shule alimtazama mthibiti, mthibiti akakitazama kidole chake, na vipimajoto ndivyo vilivyohamishwa, vikatundikwa kwa muda kwenye kivuli cha baraza ya ofisi.

Taarifa ya ukaguzi ilipofika, ilisifu uaminifu wa wanafunzi katika kuandika takwimu, kisha chini ya kichwa cha mapendekezo ikaielekeza shule itenganishe, kabla ya muhula ujao, kituo cha hali ya hewa na mradi wa ufugaji.