Hela ya matumizi si nauli ya kumwona mtoto

Mama alifungua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaliweka mbele ya ofisa ustawi wa jamii. Kaandika kila kitu: sare, dawa ya malaria, mchango wa uji, viatu vilivyokatika mwezi wa tatu. Mzazi mwenzake, dereva wa bodaboda, akatoa simu na kuanza kutafuta meseji za miamala. Zilikuwa tatu tu. “Tangu aolewe sijatuma,” akasema bila kupepesa. “Mwanangu analishwa na bwana mwingine, na mimi hata kumwona siruhusiwi.”

Uchungu wake naupata. Hoja yake ndiyo siipati. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtwika baba matunzo ya mwanawe hata kama mtoto analelewa na mtu mwingine, labda makubaliano au amri ya mahakama iseme vinginevyo. Ndoa mpya ya mama haimfuti. Baba wa kambo aliyempokea mtoto nyumbani kwake naye ana wajibu, lakini ni wa kuziba pengo pale wazazi wenyewe waliposhindwa. Hata kwenye fiqhi ya Kishafi, yaani sheria ya Kiislamu kwa madhehebu ya Shafi, ambako mama akiolewa na mtu baki anaweza kupoteza haki ya kukaa na mtoto, matumizi ya mtoto yanabaki shingoni mwa baba.

Sasa tumgeukie mama. Yeye amefunga mlango: hakuna hela, hakuna Jumamosi ya kumwona mtoto. Wanawake wengi watamshangilia, na sina ujasiri wa kuwalaumu; anayekesha na homa ya mtoto peke yake hana hamu ya kumpokea mgeni wa kuleta biskuti. Ila Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi kuomba mahakamani apangiwe muda wa kumwona mtoto, na kinachopimwa hapo ni maslahi ya mtoto. Baba mlevi au mwenye mkono mwepesi ni habari nyingine. Huyo azuiwe kwa sababu hiyo, na isemwe wazi. Baba mdaiwa adaiwe.

Panapouma zaidi ni kwenye kiasi. Dereva huyu naye ameoa, ana kichanga. Mahakama inapopanga matunzo hutazama kipato cha wazazi wote wawili, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na watoto wengine wanaomtegemea mlipaji. Kwa hiyo kichanga kinaweza kupunguza kiasi, hakiwezi kukifanya sifuri. Lakini kipato cha mtu asiye na hati ya mshahara kinapimwaje? Leo kapata, kesho pikipiki imelala kwa fundi. Ukimpangia kiasi cha mwisho wa mwezi, umempangia kushindwa.

Ofisa yule alilijua hilo. Alimuuliza siku gani hupata abiria wengi, akajibu Ijumaa. Basi ikaandikwa: shilingi 15,000 kila Ijumaa jioni, kwa simu. Mtoto atachukuliwa Jumamosi asubuhi kwa bibi yake mzaa mama, ili baba asilazimike kubisha hodi kwa mume mpya. Mama akauliza, “Na Ijumaa asipotuma?”

“Jumamosi mtoto ataenda,” ofisa akajibu, “na Jumatatu wewe utakuja hapa.”

Mama hakufurahi. Alisaini.