Wekundu Tunaoutafuta Haupo

Juzi nilifungua tena somo la mtandaoni kuhusu dharura za ngozi, ambalo sisi tunaojifunza tiba ya dharura hulipitia kwa bando zetu wenyewe, na tangu picha ya kwanza hadi ya mwisho sikuona hata moja ya ngozi nyeusi. Maelezo yalirudia neno lile lile, wekundu, na mimi neno hilo lilishanipotosha mbele ya mgonjwa.

Mwaka jana, nikiwa zamu hapa Lamu, aliletwa kwa boti msichana kutoka Pate, siku 12 baada ya kuanza vidonge vya salfa. Nilimulika kifua chake nikitafuta wekundu wa kwenye picha. Nikaona madoa ya kijivu na zambarau, nikaandika kuwa ni mzio mdogo. Mamake akasema, "Mwanangu, huyu macho yamuuma kama yaliyotiwa pilipili." Ndipo nilipoiondoa leso begani, na ngozi ikatoka nayo, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ulikuwa ugonjwa wa Stevens-Johnson, yaani mwili kuikataa dawa vikali hadi ngozi ikabanduka. Midomo iliyochubuka, macho mekundu, ngozi inayouma kabla ya malengelenge kutokea na dawa mpya iliyoanzwa ndani ya wiki nne ni dalili zinazoonekana kwa mtu wa rangi yoyote, nazo ndizo zilizostahili kutangulia katika somo, kwani jambo la kwanza la kumwokoa mgonjwa huyu ni kuisimamisha dawa, na ngozi iliyobanduka ikipita asilimia 30 ya mwili, hatari ya kifo huwa kubwa mno.

Nakiri kwamba masomo hayo ni ya bure, na kwamba bila hayo nisingejua hata jina la ugonjwa. Nakiri pia kuwa yanafundisha vizuri juu ya maambukizi yanayoozesha nyama kwa ndani, ambapo maumivu huzidi kile jicho linachokiona.

Hata hivyo, mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari London, Malone Mukwende, pamoja na walimu wake wawili, alitoa kitabu cha dalili katika ngozi nyeusi na ya kahawia. Sisi tunaoigusa ngozi hii kila siku, kutoka Kiunga hadi Malindi, tunangoja nani atupigie picha? Msichana yule alipona, akabaki na mabaka mgongoni. Nimemwomba ruhusa yeye na mamake, nao wamekubali mabaka yapigwe picha kwa ajili ya wanafunzi, mradi uso wake usionekane.