Shangazi Yupo, Mfumo Unasema Hayupo

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi kutoka Chamwino kuja kliniki mjini Dodoma. Kijana wa mapokezi akaandika jina, akasubiri, akatikisa kichwa. "Mama, jina lako halimo kwenye mfumo."

Shangazi akamsogezea kadi dirishani. "Mwanangu, na hii si mlinipa nyie?"

Kadi ilisema Chilewa. Akafunguliwa faili jipya. Siku ya kurudi ndipo muuguzi mmoja mtu mzima alipojaribu Chirewa, na shangazi akatokea hapo hapo.

Mimi kazi yangu ni kanzidata, kwa hiyo jambo hili liliniuma mara mbili. Dawa ya tatizo hili ipo, tena bure. PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata (hifadhi ya taarifa kwenye kompyuta), ina nyongeza iitwayo pg_trgm, inayokata kila jina vipande vya herufi tatu tatu, ikiongeza nafasi tupu mwanzoni na mwishoni, kisha inaangalia vingapi vinafanana. Chilewa na Chirewa yana vipande 11 kwa jumla, na 5 ni vya pamoja: alama 0.45. Mpaka wa kawaida ni 0.3; jina lililo chini ya hapo haliletwi. Shangazi angeonekana siku ile ile.

Ila usiiwashe ukaondoka. Ali na Ally, majina tunayokutana nayo kila siku, yanapata 2 kati ya 7, yaani 0.29, na yanaachwa nje. Majina mafupi lazima yashushiwe mpaka.

Na tafadhali, wenzangu, msikimbilie Soundex, njia ya kulinganisha majina kwa sauti, inayobakiza herufi ya kwanza na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Hataza yake (hati ya haki ya uvumbuzi) ilitolewa Marekani mwaka 1918, na ilitengenezwa kwa matamshi ya Kiingereza: L ni 4, R ni 6. Chilewa inakuwa C400, Chirewa C600. Herufi zile zile ambazo midomo yetu inazichanganya ndizo inazozitenganisha! Herufi ya kwanza nayo haiguswi, hivyo Hamisi na Khamisi hawakutani kamwe. Tuandike kanuni zetu wenyewe: l na r zihesabiwe moja, th ikae na s, dh na z.

Lakini mfumo usichague wenyewe. Mazengo na Masengo wanaweza kuwa wagonjwa wawili, na dawa ya mmoja ikaenda kwa mwingine. Ulete majina matano yanayokaribiana, na kijiji na mwaka wa kuzaliwa pembeni, karani amuulize mgonjwa aliyesimama mbele yake.

Mafaili ya shangazi hayajaunganishwa hadi leo. La Chirewa lina vipimo vya presha vya miaka minne. La Chilewa lina kipimo kimoja.