Mzee, Gari Inatembea Wapi?

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi fundi pancha wa pale kona amepitisha kidole kwenye tairi langu la nyuma kushoto, akanyamaza kama daktari anayetafuta pa kuanzia, kisha akasema: "Mzee, nimeziba. Ila hapa hamna tairi, hapa kuna kumbukumbu."

Nilikuwa nimeshavaa tai. Mtu mwenye tai hapaswi kuambiwa maneno hayo na kijana aliyekalia ndoo. Lakini ilikuwa pancha ya tatu mwezi huu, na mara zote tatu ni msumari wa bati, mpya, unang'aa, kana kwamba mtaa mzima unaezeka na ni mimi tu ambaye sijapewa taarifa.

Nikajitetea kwamba matairi ni mazuri, yalikuja na gari kutoka Japani. Akacheka, akafuta vumbi ubavuni kwa kiganja. Pameandikwa SNOW. Yaani miaka minne natembelea matairi ya theluji! Mjapani wa watu aliyanunua kwa baridi ya kwao, mpira laini usiokakamaa kwenye barafu, yakapandishwa meli pamoja na gari, yakaja kusagikia kwenye lami ya Dar es Salaam mwezi wa pili. Ndiyo maana yameisha kama sabuni ya mche iliyosahauliwa kwenye karai.

Nikaomba ruhusa kazini, nikashika njia ya Kariakoo. Magomeni trafiki akalizunguka gari taratibu kama mshenga anayekagua ukoo. Hayo tuyaache. Elfu thelathini imeondoka.

Muuza matairi wa Gerezani ni kijana mdogo, ana kalamu sikioni ambayo sikumwona akiitumia hata mara moja.

"Shikamoo mzee. Karibu kiti." Kiti ni tairi la lori. "Gari gani?"

"RAV4," nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo.

"Saizi?"

"225/65R17." Nilikuwa nimeiandika kiganjani, na kwa jasho lile ile 5 ya mwisho wa 65 ilishaanza kuhama.

"Safi. Sasa, gari inatembea wapi?"

Jamani, niliulizwa swali dogo tu. Nikakaa vizuri.

"Natoka Goba ndani. Getini mchanga, ule wa kuzama kifundo. Halafu mteremko wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha gari linashuka lenyewe, kazi yangu ni kushika usukani na kutaja majina ya mitume. Halafu kifusi tulichochangishana wakazi, kina vipande vya matofali na vigae vya choo. Halafu lami."

"Lami nzuri?"

"Kati ya shimo na shimo, nzuri sana."

"Maji yapo?"

"Ya msimu gani? Yapo ya masika, yapo ya vuli, na yapo ya bomba lililopasuka. Hayo ni ya mwaka mzima."

"Mikoani?"

"Lushoto, kwa wakwe. Kila Pasaka." Akaguna, maana Pasaka na masika ni ndugu wa tumbo moja. Nikamweleza kuwa Mombo mpaka Lushoto ni lami na kona, lakini kwa mama mkwe ni mbele ya hapo, kwenye udongo mwekundu, na kurudi tunarudi na viazi gunia mbili, maharage, na shemeji mmoja anayekuja mjini kutafuta maisha.

Kijana akavuta pumzi. "Mzee, hizo ni njia za magari manne tofauti."

Akaenda nyuma, akarudi anasukuma matairi matatu kama anapanga wanafunzi mstarini. "Hii H/T, ya lami. Imetulia, haili mafuta. Ila tope likijaa kwenye mistari yake inageuka andazi. Hii M/T, ya tope. Hii hata shambani unaingia. Ila kwenye lami inanguruma, na lami ikilowa, breki uzianze mapema. Hii ya katikati A/T. Inafanya yote."

"Vizuri?"

"Inafanya yote, mzee."

Nikaitazama kwa huruma. Hata mimi kazini naelezwa hivyo hivyo.

Nikainama kusoma ubavu wake, ili nionekane mtu wa kusoma. 102H. Kijana akafafanua kwamba 102 maana yake kila tairi linabeba kilo 850, na H ni mwendo, mwisho wake kilometa 210 kwa saa. Mia mbili na kumi! Mimi Goba hadi Posta natumia saa mbili. Nikamuuliza kama hakuna herufi ya mtu anayepitwa na muuza karanga. Hakuna.

Kisha nikaona zile namba nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu: 3518. Hapo nilikuwa na elimu kidogo. "Mwanangu, hili limetengenezwa wiki ya 35, mwaka 2018."

"Mzee, tairi siyo maziwa."

"Ni mpira! Unakauka hata ukiwa stoo. Hili tairi limemzidi umri mtoto wangu wa mwisho."

Akaita "Hamsini!" kuelekea stoo, sijui ni jina au ni bei, akatoka kijana mwingine na matairi mapya zaidi. Bei nayo ilikuwa mpya zaidi. Laki tatu na themanini kwa moja.

"Nipe mawili."

"Gari si ni fo wili? Weka yote manne. Ukichanganya mapya na yaliyolika, hayazunguki sawa, mfumo wa fo wili unaumia. Gia za difu zikifa, mzee, utayakumbuka matairi haya kwa machozi."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Gari ni fo wili, mfuko ni wa baiskeli. Milioni moja laki tano na ishirini elfu! Na si kwamba sichangii barabara. Tangu 2017 ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliingizwa kwenye mafuta, kwa hiyo nalipa kwa kila lita, nalipa nikiwa foleni, nalipa nikiwa nimezima AC. Nalipa lita kwa lita, halafu wakazi tunapita nyumba kwa nyumba na daftari kuomba elfu kumi ya kifusi! Nimekaa pale juu ya tairi la lori, tai shingoni, nikampigia mama watoto kuomba pesa ya kikoba. Mbele ya yule kijana. Na yeye akageuza uso, kwa heshima, akajifanya anatafuta kalamu.

Nimefungiwa A/T manne. Kwenye lami yanalia vuuu, kama nyuki waliopewa nauli. Mama watoto kayasikia kabla sijafika getini. Ameyatazama, akatazama yale manne ya theluji niliyorudi nayo nyuma ya gari (kuyaacha bure nilishindwa), akasema angalau hayo yatafaa. Saa hii yameshajazwa udongo, yamepangwa ukutani, yamesiwa mchicha.

Mchicha wenyewe sidhani utaota, maana kuku wa jirani walishafika kabla ya mtu wa kumwagilia. Ni wale wenye shingo tupu, hawana aibu hata kidogo, mmoja kalala kabisa kwenye SNOW. Nikamwita jirani ukutani, nikamwambia kiungwana: ndugu yangu, hawa kuku. Akachungulia, akanitazama mimi, akalitazama RAV4 limesimama pale na matairi yake yenye nywele mpya, akasema:

"Jirani, na hilo gari lote, unagombania mchicha?"