Heparini peke yake haitoshi
Mwandishi wa makala ninayojibu hapa anasema mpira wa mshipani, ule unaopeleka damu ya mgonjwa kwenye mashine, ukipakwa heparini, dawa ya kuzuia kuganda, tatizo la damu kuganda limekwisha. Hapo sikubaliani. Mimi ni muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo hapa Nairobi, na najua shida huanza kabla ya bonge la damu lenyewe: damu ikigusa plastiki tu, protini, hasa fibrinojeni inayosaidia damu kuganda, hung'ang'ania hapo ndani ya sekunde chache, kisha chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazojenga bonge, zinapata pa kushika. Heparini huzuia thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu. Ule unato wa kwanza wa protini haiumalizi, na heparini isipofungwa imara kwenye mpira huchukuliwa na damu kidogo kidogo. Matumaini yangu yako kwenye mipira yenye nyuso zinazopenda maji, zenye utelezi kama wa bamia, zinazoshika tabaka la maji hadi protini ikakosa pa kukamata. Juzi nilivuta sindano kwenye mpira wa mama aliyetoka Kayole alfajiri. Damu haikuja, ila kijiuzi cheusi tu. Alilia kimya, na mashine ikimsubiri. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, mipira ya wagonjwa wenu hukaa muda gani kabla ya kuziba?