Mdogo wangu hadeki

Jumapili iliyopita tulikuwa Mbagala kwenye kikao cha harusi ya binamu yetu. Mdogo wangu alikaa pembeni, viganja masikioni, maana spika ilikuwa karibu na watu watano walikuwa wanaongea kwa pamoja. Baba mkubwa akamtazama, akasema kila mtu akisikia: "Huyu kijana alishapona zamani. Sasa anadeka tu, na mkewe anamlea." Wifi yangu akainama, akaanza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanalia chakula. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya wakubwa, na kunyamaza huko kumeninyima usingizi siku nne. Leo nasema.

Mdogo wangu hakupona. Aliruhusiwa. Hayo ni mambo mawili.

Alianguka na bodaboda miaka miwili iliyopita, kichwa wazi (la helmeti nitaliandikia siku yake). Siku tunamchukua wodini, daktari alituambia amefikisha alama 15 kati ya 15. Mama alipiga vigelegele. Shuleni ukipata 15 kati ya 15 umepata yote, sisi tungejuaje? Baadaye sana ndipo nikaelewa kwamba kipimo hicho cha fahamu, kilichobuniwa na madaktari wawili wa Glasgow, Uskoti, mwaka 1974, kinaangalia mambo matatu: anafungua macho, anajibu maneno yanayoeleweka, anasogeza kiungo akiambiwa. Basi. Hakipimi kama atakumbuka alichoulizwa dakika kumi zilizopita, wala kama atavumilia kelele za wanawe mwenyewe. Tukarudi nyumbani na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki. Hakuna aliyetukalisha hata nusu saa akatueleza ni mtu wa namna gani tunarudi naye.

Asubuhi moja, wiki ya tatu, wifi alimpelekea maji bafuni. Muda ukapita. Nilipochungulia, ndoo imejaa, sabuni kavu, yeye kakaa kwenye kigoda anayatazama maji. Nilimfokea. Nilimwita mvivu, na neno hilo naomba Mungu anisamehe. Mtaalamu wa mazoezi kule kliniki ndiye aliyetufungua macho: sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo inayomwezesha mtu kuanza jambo, kulipanga, na kujizuia akikasirika. Yeye kaumia hapohapo. Kuoga anajua, kuoga anataka, ila ule mwanzo hauji. Ukimwambia "shika kopo," anashika. "Jimwagie," anajimwagia, na mengine yote anamaliza mwenyewe. Mtu anayehitaji maneno mawili, sisi tulikuwa tunampa matusi.

Hasira zake za ghafla zinatoka hukohuko. Kuuliza swali moja mara sita pia. Tumejifunza kuzima televisheni, kuongea mmojammoja, kumwacha alale mchana, na kumwandikia ya siku hiyo kwenye daftari linaloning'inia mlangoni. Sasa anaenda dukani peke yake na daftari lake, na anarudi na chenji kamili.

Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, msimamizi wa kazi za reli aitwaye Phineas Gage alitobolewa kichwa na mtaimbo wa chuma. Alipona akatembea, akaongea, lakini rafiki zake wakasema huyu si Gage tena. Wengi wanaomsimulia huishia hapo. Mimi nashikilia kilichofuata: alikwenda Chile, akaendesha gari la farasi la abiria kwa miaka kadhaa, na wapo watafiti wanaoamini kwamba kazi ile ya ratiba moja kila siku ndiyo iliyomsaidia kujirudi. Nikisoma hilo namwona wifi yangu. Chai saa moja, mazoezi ya mkono saa tatu, dawa, daftari, kesho tena. Miaka miwili bila siku ya kupumzika.

Sikatai, ndugu mlichanga. Mlileta uji wodini, mkalala kwenye mikeka nje ya wodi, na bila ninyi tusingemtoa. Lakini mwezi wa tatu tangu ajali ulipoingia, aliyebaki ni mwanamke mmoja. Mama naye anamlisha kwa mkono wakati kijiko anakimudu. Tumeongea naye, anajitahidi. Na aliyeshauri aachishwe dawa za degedege kwa sababu "hajaanguka siku nyingi," tafadhali asirudie. Haanguki kwa sababu anazinywa.

Baba mkubwa, nakuheshimu. Ni wewe uliyemfundisha mdogo wangu baiskeli, ukimshikilia kiti kwa nyuma mpaka akaweza. Jumamosi hii wifi anakwenda Kibiti kumwona mama yake, mara ya kwanza tangu ajali. Njoo saa moja asubuhi. Maji nitakuwa nimeshayachemsha. Wewe utakaa hapo mlangoni, umwambie, "shika kopo."