Ndiyo, Mwenye Ile Stika ni Mimi

Haya, tulieni. Najua mmeshaiona ile stika yenye sura yangu. Tangu asubuhi mnanitumia mkiuliza "huyu si wewe kweli?" kana kwamba sura hii inauzwa kwa jumla. Na yule rafiki yangu, ambaye kuanzia leo namwita Spika kwa sababu hanyamazi, ameshawasimulia toleo lake. Kwa mujibu wa Spika nimekamatwa nikitapeli watu kwenye kundi la kripto, yaani la watu wa sarafu za kidijitali, nikabanwa, nikalia mbele ya kamera, kisha nikamtukana admini kwa ishara.

Sikulia. Ni mwanga wa simu uliniwasha macho. Hayo mengine ngojeni.

Mteja mmoja alinilipa kazi kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, akaituma kwa Tron, mmoja wa mitandao inayosafirisha sarafu hizo. Pesa ikaingia, naiona kwenye waleti, yaani pochi ya kidijitali iliyo kwenye simu, imekaa kwa raha zake. Nikataka kuihamishia sokoni, kwenye mtandao wa kuuzia sarafu hizi, niiuze. Waleti ikagoma: huna TRX za kulipia ada. Kwa msiojua mambo haya, kwenye Tron unaweza kuwa na mzigo mzima wa USDT lakini ada ya kuuhamisha inadaiwa kwa TRX, sarafu ya mtandao wenyewe. Ni sawa na kuzuiwa mlangoni kwako mwenyewe ukaambiwa kiingilio hakilipwi kwa pesa uliyonayo mfukoni.

Nikakumbuka kuna kundi. Spika ndiye aliyeniingiza humo zamani, akaniambia "humo kuna vichwa". Vichwa kweli vipo, ila ni vya kupigana navyo.

Kuingia tu ilikuwa mtihani: roboti ilinitaka nijibu 7 + 4 ili ijiridhishe kwamba mimi si roboti. Halafu kuna maneno yaliyopigwa marufuku. Ukiandika "msaada", ujumbe unafutwa papo hapo, kwa sababu matapeli wanalipenda sana neno hilo. Yaani kundi la kusaidiana, neno msaada ni haramu. Nikazunguka, nikaandika:

"Wakuu habari za jioni. Nina USDT kwenye waleti yangu ila siwezi kuzihamisha, naambiwa sina TRX za ada. Nisaidieni mawazo."

Someni tena huo ujumbe. Una adabu, una salamu, una wakuu. Mama yangu angejivunia.

Jibu la kwanza: "Kazi imeanza."

La pili: "Jamani hata maneno hawabadilishi siku hizi."

La tatu, na huyu mkumbukeni maana atarudi: "Subirini. Sasa hivi anatoa maneno 12."

Nikabaki nashangaa, maneno 12 gani tena? Kumbe, wadau, kuna utapeli maarufu ambao mlango wake ni sentensi yangu ileile, karibu neno kwa neno. Mtu anajifanya mgeni, anaandika hadharani kwamba ana USDT kwenye waleti na hajui kuzitoa, halafu "kwa ujinga wake" anayamwaga yale maneno 12 ya siri ya kufungulia waleti. Msomaji mwenye tamaa anaikimbilia, anaifungua, anakuta kweli pesa ipo, ila TRX za ada hazipo. Anatuma zake chache ili auchomoe mzigo. Hautoki. Waleti ilishafungwa kwa namna inayohitaji sahihi ya ufunguo mwingine, ambao anao mwenye mtego. TRX zako zimekwenda, na huna pa kushtaki kwa sababu utasema nini? "Nilikuwa naiba, nikaibiwa"?

Mimi nimeingia hapo na shida ya kweli, nikaieleza kwa maneno ya mtego.

Nikajitetea. Nikasema sitoi maneno yangu kwa mtu, ila anwani ya waleti yangu hii hapa, daftari la miamala ya Tron liko wazi kwa kila mtu, angalieni wenyewe ni nani aliyenitumia na sijawahi kutoa kitu. "Hatubonyezi vitu vya matapeli." Si kiungo, ni anwani tu, herufi na tarakimu 34, inaanza na T. "Hatunakili vitu vya matapeli." Hawa ndio watu wenye kaulimbiu ya "usiamini, hakiki". Nusu ya kwanza wameishika sawasawa.

Na sitaki kuwaonea. Humo kuna watu ambao soko la Bitcoin la Mt. Gox liliwazimikia mkononi mwaka 2014, na wengine Novemba 2022 soko la FTX likaanguka na akiba zao ndani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shida ni kwamba jioni ile ung'ongo wenyewe ni mimi, na walikuwa wamenijia na mafimbo.

Wakati natukanwa kundini, inboksi ilikuwa harusi.

"Pole sana ndugu mpendwa kwa usumbufu ulioupata." "Dada Msaidizi hapa, tumeona changamoto yako." "Kaka, usijali, tuko pamoja mpaka mwisho." Mmoja alikuwa na jina na picha ya admini mwenyewe, tofauti ni herufi moja tu: palipotakiwa kuwa na l ndogo aliweka I kubwa, na kwa macho yangu ya jioni ile hazikuwa na tofauti yoyote. Huyu alinibembeleza jamani. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akanitumia kiungo cha "kuhakiki waleti", na kwenye ukurasa wake kulikuwa na visanduku 12 vitupu vinanisubiri, kila kimoja na namba yake, vimepangika kwa unadhifu kuliko ofisi yoyote niliyowahi kuingia.

Hapo ndipo nilipoelewa hali yangu. Pole zote nilizopewa usiku ule zilitoka kwa wezi. Waaminifu wote walikuwa wananitukana.

Nikarudi kundini kwa waaminifu wangu.

Admini wa kweli, mwenye l yake, akajitokeza. Akasema kuna njia moja tu: nipige picha ya uso wangu, nimeshika karatasi yenye tarehe ya leo, jina la kundi, na maneno MIMI SI TAPELI kwa herufi kubwa. Naomba mpime hilo dai. Hawa ni watu ambao kitu chao chote kimeanzishwa na Satoshi Nakamoto, muasisi wa Bitcoin, ambaye mpaka leo hakuna anayeijua sura yake wala kujua kama ni mtu mmoja au kumi. Huyo hakuombwa karatasi. Na mwaka 2010 mwanaprogramu mmoja, Laszlo Hanyecz, alitangaza hadharani kwamba anataka piza mbili kwa Bitcoin 10,000, na akaletewa! Angeandika leo angeambiwa "onyesha kwanza sura, na hizo piza zishike karatasi".

Lakini pesa ni yangu, nifanyeje. Nikaandika karatasi, nikapiga, nikatuma.

Simu yangu ina tabia ya kugeuza picha za kamera ya mbele. Kwa hiyo kundi zima likapokea mtu mwenye macho mekundu, nywele zimelala upande mmoja, ameshika bango lisemalo ILEPAT IS IMIM.

Kimya. Kisha mmoja akauliza, "Hiyo ni lugha ya kuzimu?"

Nikapiga nyingine kwa kamera ya nyuma, nimeegemeza simu kwenye vitabu, nimeweka saa ya kuhesabu. Safari hii maneno yakasomeka. Nikapumua. Ndipo mtu akaikuza picha, akachora duara jekundu kwenye mkono wangu, akaandika: "Hesabuni vidole."

Vilikuwa sita.

Wadau, ilikuwa kalamu. Kalamu niliyoandikia, nilikuwa bado nimeishika nyuma ya karatasi, ncha imechungulia pembeni ya kidole cha mwisho kana kwamba ni mdogo wake. "Akili mnemba hiyo!" "Matapeli wameendelea." "Hata masikio hayalingani." (Masikio yangu hayalingani kweli. Nilikuwa nimeishi miaka yote hii bila mtu kuligundua hilo, na sasa lina duara lake jekundu.)

Admini akatoa hukumu: aje hewani, kamera iwe imewashwa, atuonyeshe mkono.

Sasa hapa ndipo Spika anapoongopa, kwa hiyo twende polepole.

Nikabonyeza kujiunga. Uso wangu ukatokea mkubwa, na pembeni namba ya watazamaji inapanda kama lifti. Watu ambao hawakuwa na dakika moja ya kunijibu kuhusu ada walikuwa nayo ya kuja kunihesabu vidole. Spika alikuwemo. Niliona jina lake. Nikamtumia ujumbe pembeni, "waambie unanijua". Ukaonyesha kwamba umesomwa. Hakujibu kitu. Baadaye alijitetea kwamba alikuwa "anarekodi kwa ajili ya ushahidi".

"Inua mkono wa kulia," akasema admini. Sauti yake ndogo tu, nilitegemea ngurumo. Nikainua.

"Geuza kiganja." Nikageuza. "Geuza tena." Nikageuza. "Pitisha mbele ya uso." Nikapitisha, maana eti uso wa bandia huharibika kitu kikipita mbele yake. Uso wangu haukuharibika zaidi ya ulivyokuwa.

"Hesabu kwa sauti." Nikahesabu, mimi na umri wangu huu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mtu akaandika, "Hiyo inaweza kuwa video iliyorekodiwa." Admini akaona ana hoja. Akasema basi atanitajia vidole yeye mwenyewe, bila mpangilio, nami nikunje kila anachokitaja, ili ajulikane mtu halisi.

"Gumba."

Nikakunja gumba.

"Cha mwisho."

Nikakunja. Kile cha pete kikataka kufuata, nikakizuia kwa nguvu mpaka mkono ukaanza kutetemeka.

"Cha pete."

Alhamdulillahi. Nikakiachia.

Hapo vimebaki viwili vimesimama, cha shahada na cha kati, nimekunja uso kwa bidii, jasho limenitoka, na mkono wa kushoto bado umeshika ile karatasi maana hakuna aliyeniambia niishushe. Naapa niliona inakuja. Nilikuwa nataka kusema "admini, ngoja kwanza". Nikafungua mdomo.

"Cha shahada."

Mkono ulishazoea kutii. Ukatii.

Na mtandao ukaganda hapohapo. Wangu mimi haukuwa na shida, niliendelea kumsikia kila mtu. Ilikuwa picha yangu kwao ndiyo iliyoganda: macho mekundu, mdomo wazi, karatasi ya MIMI SI TAPELI kushoto, na kulia, mbele ya admini na umma wake, kidole cha kati peke yake, kimesimama wima kama mlingoti. Nilikishusha mara moja, nashuhudia mwenyewe, ila wao hawakukiona kikishuka. Kilibaki pale. Kikakaa. Nikasikia mtu akikohoa. Nikasikia mwingine akisema taratibu, "Heee, anamwonyesha mkuu." Nami huku napiga kelele "ni wewe umeniambia! ni wewe umeniambia nikunje!", na sauti yangu ikawa inawafikia vipandevipande, ikafika "ni wewe... wewe... kunja", jambo ambalo halikuniongezea marafiki.

Mpaka picha inarudi, nilishatolewa. Sababu iliyoandikwa: kutukana uongozi.

Stika ilikuwa tayari kabla sijaweka simu chini. Nasikia ni nzuri, ina ukingo mweupe na kila kitu.

Mengine ni mafupi. Usiku huohuo yule wa "subirini anatoa maneno 12" alinitafuta pembeni. Bila salamu. Akaandika: "Nunua TRX kidogo kwenye soko unalotumia, zitume kwenye anwani yako hiyohiyo ya T, kisha hamisha. Maneno 12 usimpe mtu yeyote, hata mimi. Na bado naona wewe ni tapeli." Nikafanya hivyo, pesa ikatoka, nikamshukuru, nikakuta ameshanibloku. Huyo ndiye mtu bora niliyekutana naye katika safari yote. Spika nimemsamehe kwa sharti kwamba afute video, na yeye amekubali kwa sharti kwamba kwanza amwonyeshe mtu mmoja tu. Msimkubalie.

Ila leo mchana limetokea jambo. Nimepata ujumbe kwenye inboksi kutoka kwa "Huduma Rasmi kwa Wateja", mpole ajabu, pole nyingi, tumeona changamoto yako ndugu mpendwa. Nikafungua picha ya wasifu nione ni nani.

Nikajiona mimi. Nimeshika karatasi. MIMI SI TAPELI, tarehe, kalamu imechungulia, kila kitu.

Jamaa amechukua picha yangu anaibia watu, na kusema kweli simlaumu kwa uchaguzi, maana ukitafuta picha ya kuaminika zaidi ya hiyo utaipata wapi? Na katika watu wote duniani wenye shida ya waleti, akaja kunisaidia mimi.

Nikamwomba awashe kamera tuhesabu vidole. Kanibloku.